Kwa Mwezi au kwa Mnara

Nilifika Sumbawanga siku ya nne tangu nitoke Korogwe. Siku mbili zilikwisha kwenye basi la Dar na treni ya Mbeya, na mbili nyingine kwenye basi lililopita Tunduma na kuingia barabara ya udongo, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeikoroga barabara yote ikawa kama uji. Siku hizi kuna lami, mtu anakunywa chai Mbeya na kula mchana Sumbawanga, na nikiwasimulia vijana kwamba tulilala tumenasa karibu na Laela, wanaume wakisukuma hadi suruali zikavuliwa na matope, wananitazama kama ninayejipa sifa. Tulipokuwa tunapita Mbozi, mzee mmoja wa kiti cha mbele alinyoosha mkono dirishani akasema huko ndani ndiko kiliko kimondo, chuma kizima kilichoshuka kutoka juu na kukaa pale bila kuomba ruhusa ya mtu. Abiria walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne, sweta moja jepesi, na barua ya kunitambulisha kwa mfanyabiashara aitwaye Mzee Nassoro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na malori mawili.

Barua hiyo niliikumbuka Oktoba hii, miaka kumi na minane baadaye, nikiwa Maskati, ninakolinda ghala la vigae. Jioni baada ya magharibi, Wahindi wa ghala la jirani waliniita juu ya paa kuangalia nyota yenye mkia, na kweli ilikuwepo, upande wa magharibi, mkia umesimama kama moshi wa ubani. Nilikuwa bado naitazama simu ilipoleta ujumbe wa Hamadi, mtoto pekee wa Mzee Nassoro, mtu ambaye sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Aliandika kwamba mama yake amefariki mwishoni mwa Septemba, kwamba alitoka Norwei kwenda kumzika Sumbawanga, na kwamba alfajiri ya siku ya tatu ya msiba alitoka nje akaiona nyota hiyohiyo upande wa mashariki, kabla haijapita nyuma ya jua na kuja kwetu sisi wa kaskazini. Safari hii yeye alikuwa kusini na mimi kaskazini. Mwisho akauliza swali moja. Mama yake siku zote alimwambia kwamba baba yake aliiona ile ya kwanza, ya mwaka elfu mbili na saba. Je, ni kweli aliiona? Nilisoma ujumbe huo mara nyingi, nikashuka kwenye paa bila kuwaaga Wahindi. Sijamjibu. Jibu lake ni refu, ndilo hili.

Siku niliyofika, Mzee Nassoro aliipokea barua yangu, akaisogeza mbali, kisha karibu hadi ikamgusa pua, kisha akampa mkewe aisome, akisema karatasi za siku hizi zina wino hafifu. Mkewe alikuwa Bi Zainabu, ila mtaa mzima ulimwita Mama Hamadi, nami nikamwita hivyo. Aliisoma kwa sauti, akanitazama, akaniuliza kama nimekuja Ufipa na kile kisweta tu. Nilipewa chumba nyuma ya duka, katikati ya magunia ya maharage na mifuko ya saruji, na usiku wa kwanza nilijua kwamba nchi hii ina baridi ambayo sisi wa Korogwe hatujawahi kuambiwa. Asubuhi Mama Hamadi aliniletea blanketi zito la kijivu lenye herufi H iliyoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Akasema mwenyewe hatalihitaji, kule aliko wana moto ndani ya kuta.

Habari za Hamadi nilizipata kwa kusikia tu, kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha chumba changu na jiko. Baba yake aliuza lori la tatu ili akasomee ufundi Ulaya arudi kusimamia hayo mawili yaliyobaki. Akasoma, akaoa huko, hakurudi. Mzee alisema mara moja, mbele ya watu, kwamba hana mtoto upande ule, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake, mwaka wa sita sasa. Mama Hamadi alikuwa akiongea na mwanawe kwa kunong'ona akikaanga migebuka, samaki wa ziwani walioletwa kutoka Kabwe, mafuta yakichachatika ili sauti isifike sebuleni. Nami nililala pale nimejifunika blanketi la mtu anayenong'onezwa, nikaanza kujiona kama nimeketi kwenye kiti chake. Nilikula mezani kwao ugali wa ulezi, nikajifunza kuupenda. Nikaanza kumsomea Mzee bei kwenye vifurushi na majina kwenye barua, bila yeye kuniomba na bila mimi kusema kwa nini. Sijawahi kukaa mahali nikapendwa kwa urahisi namna ile, na nimekaa mahali pengi.

Mzee Nassoro alikuwa shahidi wa mwezi. Hakuna aliyempa cheo hicho, lakini Ramadhani ikikaribia, watu wa mtaa walikuja barazani kwake jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Shaabani, wakasimama naye kuangalia magharibi juu ya mikaratusi. Hata redio ikiwa imeshatangaza, walipenda kusikia kwake. Walisema tangu ujana hajawahi kukosea, kwamba mwaka fulani wa mawingu aliuona kwa kufumba na kufumbua, akaapa peke yake, na kesho yake habari zikaja kwamba umeonekana hadi Kigoma. Mwaka ule mimi nilisimama nyuma ya bega lake. Nikauona mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa, nikaona pia kwamba yeye anatazama mahali pengine kabisa. Nikainama kana kwamba napangusa kiatu, nikamwambia kwa sauti ya chini, juu ya mkaratusi uliovunjika, kushoto kidogo. Akageuza kichwa. Akakaza macho hapo, kisha akasema, "Naam. Umeandama." Watu wakasema alhamdulillah, watoto wakakimbia na habari. Yeye hakunitazama. Ila usiku ule wa daku alinikatia kipande kikubwa cha nyama kutoka sahani yake, akanisukumia bila neno. Tangu hapo macho yake yalikuwa siri ya watu watatu, na kila mmoja alijifanya yeye peke yake ndiye anayeijua.

Novemba hiyo mnara wa simu uliokuwa ukijengwa kwenye kilima, magharibi ya mji, ulikamilika, wakaiwasha taa nyekundu kileleni. Naomba msomaji ashike jambo hili: taa iliwashwa Novemba, na Ramadhani ilikuwa imekwisha Oktoba.

Januari, wiki ya kwanza, Hamadi alimpigia mama yake jioni moja akiwa na furaha ya mtoto. Kule kwake jua linazama saa tisa alasiri, na mara lilipozama ameona kitu angani, kinang'aa kuliko nyota zote, kina mkia mfupi. Magazeti ya huko yanasema kitapita karibu na jua, kitapotea kwao, kisha kitawatokea watu wa kusini kikiwa kikubwa zaidi. Hakujua jina lake kwa Kiswahili, akasema kimondo. Mama Hamadi, kwa mshangao, akasahau kunong'ona. Kutoka sebuleni Mzee akauliza kimondo gani. Mkewe akajibu, Hamadi anasema kimondo kinakuja huku. Nilisikia kiti kikisogezwa. Mzee akaja jikoni mwenyewe, akanyoosha mkono, akaichukua simu. Maneno ya kwanza aliyomwambia mwanawe baada ya miaka sita yalikuwa haya: "Kitaangukia wapi?"

Nadhani Hamadi alilia, maana Mzee alisikiliza, kisha akasema hapana, hapana, nieleze vizuri. Wakaongea nusu saa. Kijana aligundua kosa lake, akaeleza kwamba hakianguki, ni nyota inayopita tu, ina mkia. Mzee akasema basi hiyo ni nyota ya mkia, usiite kimondo, kimondo ni kile cha Mbozi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Deo, dereva wetu, Mfipa wa Matai aliyependa maneno, alilisikia dukani asubuhi, na kufikia jioni lilikuwa sokoni. Waliokuja kununua misumari waliuliza kama ni kweli kinashuka, na kama ni upande wa Muze, kule bondeni, au upande wetu. Mama mmoja aliuliza kama mabati yatasaidia. Deo akamjibu anunue ya geji nene. Mzee alicheka siku hizo kuliko nilivyowahi kumsikia, akawatuliza wote, akawaambia mwanawe mhandisi ameiona kwa macho yake kule Ulaya, na sisi tutaiona hapahapa barazani ikifika zamu yetu. Alisema mwanangu. Mama Hamadi alisimama mlangoni akilisikia neno hilo kama mtu anayeota moto.

Kisha mawingu yakafunga. Mnajua Januari ya Ufipa. Mvua ya mchana, mvua ya jioni, na katikati yake ukungu unaotembea barabarani kama ng'ombe. Kila siku saa mbili usiku Hamadi alipiga kuuliza, je, mmeiona? Na Mzee akajibu bado, kuna wingu. Siku ya nne nikasikia sauti ya Mzee inachoka. Siku ya sita Hamadi akasema wanaandika kwamba itafifia ndani ya siku chache. Mzee akarudisha simu kwa mkewe bila kuaga. Akasema pengine hata wingu likiondoka. Hakumalizia.

Kesho yake, kabla ya magharibi, Mama Hamadi alinikuta ghalani nikipanga mifuko. Alikuwa na unga wa chapati mikononi. Aliongea harakaharaka bila kunitazama. Alisema yule bwana hajalala, alisema akiikosa nyota hii ataona ni aibu kuongea na mwanawe tena, ninamjua, nimekaa naye miaka thelathini. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba kutoka nchi hadi nchi: "Mwanangu Idi, mwonyeshe chochote kinachowaka."

Nilimtoa Mzee nje, barazani, saa moja na nusu. Wingu lilikuwa zito, lakini ukungu ulikuwa umeshuka chini, na juu yake ile taa nyekundu ya mnara ilionekana peke yake, mnara wenyewe haupo. Nilimshika kiwiko. Nikasema, ile pale, Mzee. Akaitazama kwa muda mrefu, na nikaanza kutumaini kwamba atasema haoni. Badala yake uso wake ulifunguka. "Naiona," akasema. "Ina mkia kabisa." Sikuelewa, hadi miaka mingi baadaye, daktari mmoja wa Ndola aliponieleza kwamba mtoto wa jicho humfanya mtu aone taa zikitoa miale na michirizi. Mkia aliuona kweli. Aliutia yeye mwenyewe, kwa jicho lake bovu. Saa mbili Hamadi alipopiga, Mzee alimwambia ni nyekundu, ina mkia ulionyooka kwenda juu. Hamadi akasema kwake ilikuwa ya manjano, labda kwenu ni hewa. Mzee akasema labda ni hewa. Wakacheka, baba na mwana, wakapanga Hamadi aje mwezi wa sita, aje na mkewe, na Mama Hamadi jikoni alikaa chini kwenye kibao akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilikula chapati nne. Niliona nimefanya jambo jema kuliko yote maishani mwangu, na hata leo siwezi kuapa kwamba sikuwa sahihi kwa siku hizo mbili.

Maana zilikuwa mbili tu. Ya tatu, baada ya magharibi, Mzee alikaribisha watu, walewale waliokuja kuangalia mwezi. Sikujua. Nilikuwa nimetumwa kununua mkate, nikarudi nikakuta baraza imejaa, Mzee katikati amevaa koti lake la Idi, amenyoosha mkono magharibi. Wazee walitazama, wakatazamana, wakasema naam, naam, kwa heshima. Pembeni alikuwepo kijana anayechaji simu za watu kwenye kibanda mkabala na duka. Hakuwa na ubaya. Alidhani Mzee anatania.

"Mzee wangu, ule si mnara wa simu?" akasema. "Mimi mwenyewe nilibeba zege la msingi wake."

Vijana wenzake wakacheka. Mzee akasema bila kushusha mkono kwamba mnara uko chini yake, nyota iko juu. Hapo upepo ukausogeza ukungu, vyuma vya mnara vikaonekana vyote, kuanzia chini hadi kwenye taa, na yeye peke yake ndiye hakuviona. Mkono ulibaki juu. Hakuna aliyethubutu kuushusha. Kisha kutoka nyuma, muuza nyama wa mtaa, mtu mwema aliyefunga na kufuturu nasi, akauliza kwa sauti ya chini kana kwamba anajiuliza mwenyewe: "Basi mwezi wa Ramadhani tulifunga kwa mwezi au kwa mnara?"

Nimeshasema taa iliwashwa Novemba. Yeyote aliyetaka kukumbuka angekumbuka. Hakuna aliyetaka. Waliondoka mmoja mmoja wakimwombea afya, na kufikia swala ya isha swali lile lilikuwa limeshafika msikitini kabla ya Mzee. Miaka arobaini ya kuona ilifutwa na sentensi moja, na aliyeiandalia nafasi alikuwa mimi.

Tulipobaki wenyewe, Mzee aliketi, akaniita mbele yake.

"Wewe uliiona?"

Nilimtazama Mama Hamadi. Alikuwa mlangoni na sinia la vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Alikuwa akivitazama vikombe. Nilingoja aseme. Hata sasa, akiwa kaburini na mimi nimeshamwombea, naona kwamba nilingoja muda wa kutosha.

"Hapana, Mzee."

"Ulijua ni mnara."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia kwamba sioni," akasema. "Kwa mwingine ningekataa. Kwako ningekubali." Kisha akasema lori linaondoka alfajiri kwenda Kasesya, mpakani na Zambia, nipande, lakini lisinirudishe. Saa mbili simu ya Mama Hamadi iliita sebuleni. Iliita hadi ikakatika, ikaita tena, ikakatika. Mzee hakuipokea, na kwa jinsi nilivyosikia baadaye kutoka kwa Deo, hakuipokea tena hadi alipofariki miaka minne baadaye. Madaktari wa macho walipopita mjini alikataa kwenda. Alisema aliyoyataka kuyaona ameshaonyeshwa. Hamadi aliambiwa na mama yake kwamba mzee anaumwa, hataki maongezi, lakini nyota aliiona na ilimfurahisha. Ndivyo alivyoishi nalo yule mama, na mimi nikaishi na langu, Mbala, Kasama, Ndola, Lubumbashi, kisha bahari na huku, kila mahali mwaka au miwili, sijawahi tena kupewa blanketi lenye herufi ya mtu.

Blanketi nililiacha limekunjwa juu ya magunia. Alfajiri Mama Hamadi alikuja hadi kwenye lori, akanipa chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akasema njiani kuna baridi. Nilisema shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza nafika, akaitikia marahaba, basi. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukanasa mara mbili kabla ya Matai, Deo akiapa kwamba akinasa tena ataoa hapohapo ajenge. Hakuniuliza kitu. Jua lilikuwa limeshazama tulipopanda kilima kimoja baada ya Matai, na kule juu mawingu ya magharibi yakawa yamepasuka. Deo alizima injini bila kuambiwa.

Ilikuwa chini, karibu na ukingo wa nchi, nyeupe ya manjano, imara, na kutoka kwake mkia ulipanda na kupinda kulia, upande wa kaskazini, mpana, una mistari, kama moshi wa nyasi zinazochomwa zikipigwa na upepo mmoja. Ulichukua sehemu ya mbingu ambayo kiganja changu hakikuweza kuifunika. Haikufanana na taa yoyote. Mtu mwenye nusu ya jicho angeuona mwanga ule. Deo akasema polepole, "Mshikaji, si mlisema mmeshaiona?"

Nilitoa simu. Juu ya kilima kile mtandao ulishika, kwa sababu ya minara ileile. Nilipiga namba ya duka, akapokea yeye.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Iko. Leo iko kweli, Mzee. Chini kabisa magharibi, ina mkia mrefu umelala kulia. Kama huko kuna uwazi, toka nje sasa hivi, utaiona."

Nilisikia saa ya ukutani nyuma yake.

"Na mimi nitajuaje?" akasema.

Hakukata simu. Aliilaza juu ya kaunta, nikasikia mteja akiingia, na sauti yake ikiuliza misumari ya inchi ngapi, kisha mikono yake ikipapasa kwenye masanduku, ikikosa, ikirudi, ikipapasa tena mahali ambapo mimi ningempa bila kuulizwa. Nilisikiliza nikiwa nimesimama matopeni, nyota ikishuka mbele yangu kidogo kidogo, hadi salio lilipokwisha.